Mtutu wa Kaboni, Mtutu wa Chuma na Mama Mkwe

Tangu nirudi Gairo sijanywa chai kwa amani. Nikikaa mgahawani, mtu anavuta kiti: "Hebu tuambie, ule mtutu wa kizungu ulikuwaje?" Nikienda gulioni, muuza karanga anaacha kupima na kuniuliza kama ni kweli nimeongea na mama mkwe wangu uso kwa uso. Basi naandika yote mara moja. Msome, mpokezane, kisha mniache. Habari za vibali, mihuri na kumsubiri afisa arudi kutoka kwenye chakula cha mchana naziruka, maana na nyinyi mmewahi kwenda ofisini.

Kwa asiyenijua: nilikuwa mpiga nguruwe pori katika shamba kubwa la miwa. Kisha uchumi ukafunguliwa milango, shamba likauzwa, mwekezaji akaja na uzio wa umeme, nami nikashukuriwa sana na kuruhusiwa kuondoka na bunduki yangu, ambayo ilikuwa yangu tangu mwanzo. Ukarimu ulioje! Ni bunduki ya mtutu wa chuma, nzito kama mchi, na haijawahi kunilalamikia.

Mke wangu, Perpetua, ni Mluguru wa milimani. Mama yake ni mjane, analima mahindi katika shamba la ukoo. Msimu uliopita nguruwe walilila lote. Msimu huu, mahindi yameshaanza kubeba, zikaja habari kwamba nguruwe wamerudi. Perpetua akatamka hukumu akiwa anachambua mchele: "Wakila na safari hii, mama anakuja kukaa hapa."

Hapa ni vyumba viwili. Nami ni Mkaguru, na mnajua mambo yetu ya ukwe. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Katika vyumba viwili, vichaka viko wapi? Nilimheshimu sana mama yule, na nilitaka kuendelea kumheshimu kutoka mbali.

Ndipo shemeji yangu Deo, kaka yake Perpetua, alipoleta ujumbe kutoka Morogoro. Deo alikuwa mwalimu, lakini siku hizi ni wakala. Siku hizi kila mtu ni wakala, sijui nani aliyebaki kuwa mnunuzi. Kampuni moja ya uwindaji ya Dar ilikuwa imempa bunduki yenye mtutu wa nyuzi za kaboni, ailinganishe na ya chuma, aseme ipi inawafaa watalii wao. Akaona aue ndege wawili kwa jiwe moja: nije na yangu ya chuma, tukafanyie majaribio shambani kwa mama yake, na nguruwe watukome. Nikakubali upesi kuliko ilivyo kawaida yangu.

Gairo hadi Morogoro, juu ya karanga

Dereva wa lori alisema anaondoka sasa hivi. Tuliondoka jua limeshapita utosini, baada ya kupakia magunia ya karanga, mbuzi wawili na godoro la mtu ambaye hakusafiri. Nilikaa juu ya magunia na bunduki yangu nimeizungushia kiroba. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, anayepeleka kuku kwa dada yake.

"Baba, hilo ni bomba la pampu?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni bunduki."

Akacheka mpaka kuku wakapiga kelele. "Haya bwana, bunduki! Na mimi hapa nimebeba mzinga." Kwa furaha ya utani huo akanimegea kiazi kitamu na kunipa karanga, ambazo sote tulikuwa tunazichomoa kwenye gunia tulilolikalia.

Tulipofika kwenye kizuizi, askari akauliza kama kuna silaha. Yule mama akajibu kabla yangu: "Silaha ya wapi, mwanangu? Kuna bomba la pampu tu." Nikasema ipo bunduki, ni yangu, na karatasi hizi hapa. Tukashushwa wote. Karatasi zikasomwa kwa makini na askari watatu, mmoja baada ya mwingine, na gunia lililotobolewa likaonekana vizuri kabisa. Tulipopanda tena hakuna aliyenisemesha. Dereva alinisema kwa sauti mpaka tukaziona taa za mjini, kwamba kuna watu hawajui kusafiri na wenzao. Yule mama alinigeuzia mgongo na kuku wake pia.

Mwembesongo, na kuzunguka hadi Mikese

Deo anakaa Mwembesongo, nyumba ya kupanga, uani kuna cherehani nne na redio tano. Alinipokea kama mgeni wa serikali, akafunga mlango, akaivua bunduki yake nguo moja moja. Kweli ilikuwa ya ajabu. Mtutu wake mweusi, mnene kuliko wangu karibu mara mbili, umesukwa kama mkeka, na ukiuinua unadhani kuna kitu kimesahaulika ndani.

"Nyuzi za kaboni, shemeji," akasema taratibu, kama anafundisha darasa la tatu. "Mwepesi. Ukipiga mfululizo haupotezi shabaha kama chuma chenu. Na umande wa milimani hauupatii kutu."

"Risasi inapita kwenye nyuzi?"

"Hapana, ndani kuna bomba jembamba la chuma. Nyuzi zimezungushwa juu yake na gundi."

"Kwa hiyo ni chuma."

"Ni chuma, shemeji, lakini..."

"Lakini kimevaa suti," nikamalizia. Hakucheka.

Asubuhi tulipaswa kupanda mlimani. Badala yake tulikwenda Mikese, ambako ni upande mwingine kabisa, kwa sababu darubini ya bunduki hiyo ilitumwa na basi kutoka Dar, na kondakta, kwa hekima zake, aliishusha huko. Tuliikuta kwa mama ntilie mmoja kando ya barabara kuu. Alikuwa ameiweka juu ya ndoo ya unga, salama kabisa.

"Mzigo umeandikwa jina gani?" akauliza. Deo akataja jina la kampuni. Mama akatazama, akaona ni kweli. "Basi aje mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyo Kampuni."

Deo akaeleza kwamba kampuni si mtu. Mama akasema yeye hawezi kumpa mtu mzigo wa asiye mtu, na kama tunataka kuzungumza zaidi, chakula kipo. Tukala ugali na mbuzi wa mchuzi, tukaongeza na mapapai, Deo akieleza maana ya kampuni binafsi katika uchumi wa kisasa, na mama akiitikia "ehee" huku anapakulia madereva. Mwisho akakubali kufungua boksi aone kilichomo. Aliweka jicho kwenye darubini, akaielekeza kwenye tanuri la mkaa la jirani yake, akainama zaidi. "Kumbe amekaa tu," akasema. Baada ya hapo ilibidi na wapita njia waonyeshwe jirani alivyokaa tu. Tulirudi Morogoro jioni, na siku ilikuwa imeliwa.

Kupanda

Land Rover ya misheni ilitubeba hadi barabara ilipochoka. Hapo tulipokewa na katekista Anselm, jirani wa mama mkwe, mtu mrefu mwenye raba za mitumba na sauti ile ya milimani inayopanda mwisho wa kila neno. Kutoka hapo ni miguu, na miguu ya Uluguru si ya mchezo. Mashamba yamesimama wima, mtu akidondosha kabichi anaenda kuiokota kwa jirani.

Hapa nikiri bila kulazimishwa: katika kupanda, kaboni ilinishinda. Bunduki ya Deo ilikaa begani mwake utadhani mwavuli. Yangu ilinikata bega la kulia, nikaihamishia la kushoto, likakatwa nalo. Deo alikuwa akigeuka kila baada ya kona. "Unaona uzito, shemeji? Unaona?" Nilikuwa naona nyota.

Ila kwa kuwa bunduki yake nyepesi, Deo alijiona ana nafasi ya kubeba na mengine: miguu mitatu ya kuegeshea mtutu, kiti cha turubai, sanduku la mafuta na brashi, na vitabu vya maelezo. Kwenye kijito akateleza, mtutu ukagonga jiwe. Jamani! Alikaa chini, akaupapasa kama mtoto mwenye homa, akautazama kwa jicho na kwa darubini. Alama ilikuwa ndogo kuliko ukucha, lakini kitabu kilisema nyuzi zikikatika zitazamwe na mtaalamu, na mtaalamu aliyekuwa karibu alikuwa Ulaya. Wangu umeanguka kwenye mawe mara nyingi na hakuna aliyewahi kuuliza unajisikiaje.

Nyumbani kwa mkwe

Mama mkwe alikuwa na mbwa aitwaye Tabu, na ninamshukuru Mungu kwa mbwa yule, kwani bila yeye tusingewasiliana. Nilipotokeza uani nikatazama chini, mama akajigeuza ukutani.

"Tabu," akamwambia mbwa, "mwambie mgeni karibu. Maji ya kuoga yako nyuma ya nyumba."

"Tabu," nikajibu, "mwambie mama shikamoo na asante."

"Marahaba, Tabu. Muulize, mjukuu wangu Anna na mama yake hawajambo?"

Tabu alijikuna tu, lakini mambo yalikwenda. Chakula changu kiliwekwa nyuma ya zizi la mbuzi, nisije nikatafuna mbele ya mkwe: magimbi, maharage na kibuyu cha togwa. Deo alikula sebuleni na nyama. Nilimsikia akisifu mchuzi.

Nilikwenda kuona shamba. Lilikuwa zuri, siwezi kusema vingine. Mahindi yalipanda mteremko hadi kwenye migomba ya juu, yamebeba, na upande wa chini palikuwa tayari na kipande kilicholala, kimetafunwa. Katekista Anselm akanieleza kwa sauti ndogo. "Shamba ni la upande wa mama zao. Mwaka jana hakuvuna kitu. Akikosa tena, atakula nini? Na akishuka kwenu, ukoo hautaliacha wazi. Wajomba watampa mwingine, na hatarudi." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria vyumba vyangu.

Kesho yake ikawa siku ya sayansi. Deo aliweka boga ng'ambo ya korongo, akalichora nguruwe kwa majivu, akaketi kwenye kiti cha turubai. Kijiji kizima kilikuja. Risasi ya kwanza, mimi na yeye tulipiga boga sawasawa. Ya pili vivyo hivyo. Kufikia ya sita mtutu wangu ulikuwa wa moto, huwezi kuushika, na risasi ikaenda kando, ikararua mgomba. Ya kwake ikaingia palepale.

"Mmeona!" Deo akasimama. "Chuma kikipata joto kinapinda. Kaboni inabaki na msimamo!"

Anselm akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, nguruwe wa kwenye kitabu chako huwa anasubiri mpaka risasi ya sita?"

"Hiyo ni kanuni, katekista."

"Basi tungeanza kwa kuwafundisha nguruwe kanuni."

Watu wakacheka mpaka wakakaa. Kwa kelele zile nguruwe hawakuonekana usiku ule, wala uliofuata, na tukatukuzwa sana. Kijiji kikaanza kuuliza kama tunaweza kuja kulinganisha kila wiki. Deo akarudia jaribio la joto mara mbili zaidi, kwa faida ya waliochelewa. Tulipohesabu kilichobaki, tulikuwa na risasi za kujaza kiganja kimoja, na nguruwe walikuwa hawajapigwa hata moja.

Alfajiri shambani

Nguruwe walirudi tulipokaribia kuishiwa risasi, kama waliokuwa wanahesabu pamoja nasi. Mbwa alibweka kabla ya kupambazuka, tukatoka. Deo alimwambia mama yake abaki ndani. Mama akasema haya.

Tukagawana: Deo juu kwenye jabali, mimi pembeni kwenye migomba, tukingoja mwanga. Kulipoanza kupambazuka tulisikia mabua yanavunjika, kra, kra, shamba zima. Hawakuwa wawili watatu, ni kundi. Deo akakumbuka kwamba ile miguu mitatu ameiacha nyumbani. Akashuka kuifuata, akapanda nayo mbio, akajitupa juu ya jabali akihema kama mvukuto. Sasa ule wepesi aliousifu njia nzima ukamgeuka. Mtutu mwepesi unacheza na kila pumzi yako. Nilikuwa naiona ncha yake ikiandika hewani. Akapiga, akakosa. Akapiga tena, akaua hindi.

Kundi likaja upande wangu. Nikainua bunduki yangu, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nikaupenda uzito wake. Mtutu ulitulia tuli. Dume kubwa, lenye meno yaliyochomoza, likasimama ubavu wazi mbele yangu, nikashusha pumzi, kidole kikaanza kubana.

Ndipo kule kushoto, juu ya dungu la kulindia shamba, akasimama mama mkwe.

Alikuwa ametuzunguka gizani akapanda humo. Tangu lini mwenye shamba akabaki ndani? Alikuwa na debe mkononi, khanga imemdondoka begani, na alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja machoni. Hakuwa upande wa risasi yangu, hakuna ambacho kingempata. Lakini kabla akili haijanishauri lolote, mwili ulishageuka. Nilimpa mgongo yeye na dume pia, mtutu chini, kichwa nimeinamisha, kama mama yangu alivyonifundisha. Nyuma yangu nguruwe walikuwa wakila.

Hivyo ndugu zangu mnaotaka matokeo ya ulinganisho, ni haya: mtutu wa kaboni ulimkosa nguruwe kwa wepesi, na mtutu wa chuma ulimkosa kwa adabu.

Kisha nikasikia sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu haikuwahi kunielekea mimi.

"Baba Anna! Geuka! Piga! Baba Anna, wananimaliza!"

Hakumwambia Tabu. Aliniambia mimi. Niligeuka, lakini dume lilishaingia msituni na kundi lake. Alibaki wa mwisho, nguruwe mdogo, bado ana hindi mdomoni. Huyo nilimpiga.

Jua lilipotoka tukaona. Mahindi yalikuwa yamelala kuanzia korongoni hadi kwenye migomba, na yaliyosimama ungeweza kuyafunga mzigo mmoja. Mama mkwe alishuka dunguni akapita katikati ya mistari. Kila mahali alipokuta bua limeinama bila kuvunjika, alilisimamisha na kulishindilia udongo kwa mguu. Hakulia. Nilitamani alie, maana ningejua la kufanya, au angalau Deo angejua.

Kushuka

Nyama ya yule nguruwe mdogo ililiwa na majirani wote, na Deo aliiandika kama ushahidi, ingawa sijui wa nini. Wakati wanakula, mama mkwe alikuja nyuma ya zizi, pale nilipokuwa nimekaa na sahani yangu. Nikataka kusimama niondoke.

"Kaa," akasema. "Nimeshaharibu mimi. Nitatoa kuku wa kusafisha mdomo wangu, lakini leo nimeshaharibu. Kaa tuongee."

Nikakaa, macho chini. Sikuwa najua hata mikono niiweke wapi. "Mama," nikasema, "twende wote. Tushuke leo. Kuna nafasi."

"Una vyumba viwili."

"Tutajibana."

"Perpetua ndiye aliyesema nakuja. Mimi sijasema. Mama yangu amelala pale penye migomba, na mama yake. Nikiliacha hili kwa msimu mmoja, wajomba watakuja na kamba za kupimia. Nitapanda maharage kabla mvua haijakatika. Nikilala njaa, nitalala kwangu." Akakung'uta udongo kwenye khanga yake. "Wewe ulipanda huku ili nisije kwako. Nilijua."

Ni kweli, na alijua wakati ananiletea magimbi, na alijua wakati ananiita.

"Lakini ulipanda," akasema. Akachukua sahani yangu, akaenda kuniongezea.

Nilimwomba tena asubuhi, mbele ya Deo, mbele ya katekista. Mimi, niliyebeba chuma kile mlima mzima ili mama huyu asifike kwangu, nilimbembeleza mpaka Deo akanivuta shati. Alikataa. Alitufungia magimbi ya njiani, akarudi shambani na jembe.

Deo aliandika ripoti. Kaboni imeonyesha ubora katika uzito, katika joto na katika kustahimili umande, na kampuni imefurahi sana. Nguruwe hawakutajwa. Nasikia amepandishwa cheo, sasa ni wakala mkuu, na wakala wa chini yake ni yeye mwenyewe.

Mimi nilifika Gairo jioni, upepo unapiga. Perpetua alikuwa ametoa meza nje, na kwenye chumba cha mbele ameweka kitanda, ametandika shuka yetu ile ya wageni. Akachungulia nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Amebaki. Hataki kuja."

"Umejuaje kama hataki? Deo ndiye aliyekuambia?"

"Hapana," nikasema. "Ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake."

Mke wangu akakaa juu ya kile kitanda, akajifunika uso kwa khanga, akalia, kabla sijasema hata neno moja kuhusu shamba.